Amri ya Pumziko Haikuandikwa kwa Aliyechoka

Neno "mipaka" limeingia kanisani kwa kupitia simu. Kwa miaka michache sasa washauri wa ndoa, wahubiri vijana na wanasaikolojia wanaozungumza Kiswahili mitandaoni wamekuwa wakiwafundisha Wakristo kusema "hapana", kuzima simu usiku, kuacha kupokea kila mwaliko wa kamati ya harusi na kutafuta muda wa kuwa peke yao. Mafundisho hayo yamefika kwenye semina za akina mama na makambi ya vijana, na mimbari nazo zimejibu, wakati mwingine kwa ukali: kwamba huo ni ubinafsi uliovishwa kanzu, kwamba ni mambo ya Wazungu, kwamba aliyeitwa kujitwika msalaba hana ruhusa ya kuutua ili apumue. Nimefuatilia mabishano hayo kwa muda, na naona pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo ndilo kosa lenyewe: zote zinadhani suala linamhusu aliyechoka. Upande mmoja unamtaka ajifunze kukataa, upande wa pili unamtaka avumilie. Maandiko, pamoja na sehemu kubwa ya historia ya Kanisa, yanaelekeza neno la kwanza kwa mtu mwingine kabisa, yaani yule mwenye uwezo wa kumchosha mwenzake. Pumziko ni amri anayopewa bwana kabla halijawa haki anayoidai mtumishi, na kanisa linaloligeuza kuwa somo la mtu kujitunza mwenyewe linamtwisha aliyechoka mzigo mwingine juu ya ule aliokuja nao.

Inafaa kuanza na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kilikuwa nalo kabla ya washauri nasaha. Mpaka, kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, ni kitu cha ardhini: safu ya minyaa, jiwe, mti, mfereji. Huko Kilimanjaro mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hupandwa isale, na mmea huohuo ndio anaoushika mtu anapokwenda kuomba msamaha kwa jirani aliyemkosea. Mpaka wa namna hiyo haupandwi gizani. Hupandwa mbele ya wazee na mbele ya jirani mwenyewe, na ukishakuwapo unawafaa wote wawili, maana hata anayekuja kuazima jembe anajua apige hodi wapi. Sasa, tazama Torati inavyoulinda. Kumbukumbu la Torati 19:14 haimwambii mwenye shamba akeshe na panga kulinda alama zake. Inamwambia jirani asiiondoe alama iliyowekwa na watu wa kale. Wajibu umewekwa mkononi mwa anayeweza kuvuka. Wengi wanaofundisha mipaka leo wameupindua utaratibu huo, wakamwachia mwenye shamba kazi yote ya ulinzi, kisha tunashangaa kwamba mama wa miaka 50 aliyelelewa asimkatalie mkubwa kitu hawezi kujifunza kukataa katika semina ya asubuhi moja.

Amri ya sabato nayo imejengwa hivyohivyo. Katika Amri Kumi imeandikwa mara mbili, na sababu zake hazifanani. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa: anayeambiwa apumzike anakumbushwa kwamba alikuwa mtumwa Misri, na orodha ya wanaohusika, tangu mwana na binti hadi ng'ombe, punda na mgeni, inaishia kwenye kusudi ambalo sijalisikia likihubiriwa katika semina yoyote ya kujitunza, kwamba mtumwa na mjakazi wapate kupumzika vilevile kama bwana wao. Anayesemeshwa pale ni mwenye nyumba. Mjakazi hakuambiwa ajifunze kusema hapana, kwa sababu hakuwa na hapana ya kusema. Na kumbukumbu ya Misri inayotajwa pale ina sura yake katika Kutoka 5, ambapo watu wanaomba ruhusa ya kwenda jangwani kumwabudu Mungu wao, na Farao anajibu kwa kuwanyima majani ya kufyatulia matofali huku hesabu ya matofali ikibaki palepale, akisema kwamba wanaomba kwa sababu ni wavivu. Hoja ya kwamba anayetafuta nafasi ya kwenda faraghani na Mungu anakwepa kazi ni ya zamani sana, na mtu wa kwanza kuitoa katika Biblia ni Farao.

Kwa nini basi faragha inatiliwa shaka kiasi hiki katika makanisa yetu? Jibu la haraka, kwamba Mwafrika ni mtu wa watu, halinitoshi, kwa sababu jamii zetu zilikuwa na njia nyingi za kumtenga mtu kwa heshima, kuanzia mama aliyejifungua hadi vijana wa jandoni. Nadhani sababu za karibu zaidi ziko katika historia ya makanisa yenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Bukoba na Kenya, uliwafundisha waumini "kutembea nuruni": dhambi iungamwe mbele ya ndugu, na ndugu aulizwe hali ya roho yake bila kuona haya. Uamsho huo ulivunja kuta nyingi, za kabila na za rangi, na deni letu kwake ni kubwa. Lakini pia uliacha mazoea ya kuudhania vibaya mlango uliofungwa. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970 walikuwa wanalirudisha Kanisa mikononi mwa majirani, na walifanikiwa. Leo katika parokia nyingi za Tanzania ubatizo wa mtoto au tangazo la ndoa huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, na watu husema bila kutania kwamba jumuiya ndiyo itakayokuzika. Nimesimama kwenye misiba ambayo bila jumuiya asingepatikana wa kuchimba kaburi. Ila utaratibu uleule unaomhakikishia mtu kuzikwa unaweza pia kuhesabu mahudhurio yake kila Jumamosi alfajiri kana kwamba ni karani wa kiwanda.

Juu ya misingi hiyo tumeongeza ratiba. Mzee wa kanisa anayejitolea mjini anaweza kuwa na kamati ya ujenzi Jumatatu, ibada ya nyumba kwa nyumba Jumanne, mazoezi ya kwaya Jumatano, maombi Alhamisi, kesha Ijumaa, usafi wa kanisa na kikao cha harusi Jumamosi, kisha ibada mbili na mnada wa mazao Jumapili, na yote hayo ni baada ya kazi inayomlipa mshahara na foleni ya kurudi nyumbani. Katikati kuna makundi ya WhatsApp, ambako neno la asubuhi hutumwa saa kumi na moja alfajiri na asiyeitikia "Amina" huulizwa kama anaumwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza upya uchovu uliokithiri wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilisema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, na likasema wazi kwamba si ugonjwa bali ni hali inayohusu mazingira ya kazi. Shirika hilo halikuwa linazungumzia utumishi wa kujitolea, na sitaki kulinyoosha neno lake kuliko lilivyo. Hata hivyo mwelekeo wa macho yake unafundisha: lilipomwona mtu aliyeishiwa nguvu, lilitazama mahali anapofanyia kazi. Sisi tukimwona mwinjilisti aliyeishiwa nguvu tunatazama imani yake, au, tukiwa wa kisasa zaidi, tunatazama kama amejifunza kuweka mipaka.

Hoja za wanaopinga mafundisho ya mipaka hazilingani uzito, na ni haki kuanza na zile nzito. Ya kwanza ni ya uchumi. Katika nchi ambako watu wengi hawana bima ya afya, mchango wa kamati, ugeni wa usiku wa manane na simu ya "mama amelazwa" ndiyo bima yenyewe. Anayefundisha watu kulinda muda na fedha zao anafundisha, bila kujua, kuvunja mfuko ambao maskini anautegemea, na mara nyingi anafundisha hivyo akiwa yeye mwenyewe na bima ya kazini mfukoni. Ya pili inatoka kwenye Waebrania 10:25, panapoonya juu ya kuacha kukusanyika, na inapata nguvu kutoka mahali pasipotarajiwa: mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa inayokadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Mchungaji anayeuliza kwa nini tuhubiri kukaa peke yako wakati dunia inakufa kwa kukaa peke yake anauliza swali la haki. Ya tatu ni hofu ambayo hakuna anayeitaja mimbarani ingawa kila mmoja anaikumbuka. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioitwa wajitenge na dunia, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa.

Nazikubali hoja hizo kwa kiasi kikubwa, lakini nadhani zinachanganya vitu ambavyo Kiswahili kimevitenganisha vizuri. Upweke ni kukosa watu. Faragha ni nafasi ambayo watu wamekuachia. Mtu mwenye upweke hana anayejua kwamba hayupo. Mtu aliye faraghani ana watu wanaojua aliko, wanaojua atarudi, na mara nyingi wanaobeba kitu fulani ili aweze kuwa huko. Tazama mfano ambao wapenzi wa upweke mtakatifu huupenda kuliko yote, wa Antoni wa Misri, mmoja wa watawa wa kwanza, aliyejifungia katika ngome kuukuu jangwani kwa takribani miaka 20. Athanasi aliyeandika maisha yake anataja jambo dogo ambalo wasomaji huliruka: mara mbili kwa mwaka watu walimletea mikate na kuipitisha juu ya ukuta. Kuna aliyekanda unga ule, na kuna aliyeusafirisha. Na marafiki walipouvunja mlango hatimaye, Antoni hakutoka akidai nafasi yake iheshimiwe. Alitoka akawafariji waliokuwa na huzuni na kuwapatanisha waliokosana. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya nne kama Athanasi, alikuwa mkali zaidi: aliwauliza watawa waliotaka kuishi peke yao kabisa watamwosha nani miguu. Kwa Shakahola nasema jambo moja tu. Wale watu walikuwa mbali na ndugu zao, lakini hakuna aliyewaachia mlango wa kujifungia mbele ya kiongozi wao, na ninayemhofia mimi ni kiongozi asiyezuiwa na mlango wowote, awe msituni au katikati ya jiji.

Andiko linalobeba uzito wote wa suala hili ni Marko 6, na husomwa nusunusu na kila upande. Wenye mipaka husoma mstari wa 31: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Wapinzani wao husoma mstari wa 34, ambapo makutano wamewahi kufika kwa miguu na Yesu anawahurumia, mapumziko yakaishia hapo. Tukiisoma sura yote kwa utulivu tunaona mambo ambayo hayampi ushindi yeyote. Mitume hawakuomba likizo. Walikuja kutoa taarifa ya kazi, na aliyewatuma ndiye aliyeona kwamba hawakuwa hata na nafasi ya kula. Makutano walipokuja, aliyesimama kufundisha ni yeye, si wao. Ni kweli kwamba jioni aliwaambia, "Wapeni ninyi chakula," na hapo hakuna mtetezi wa mipaka anayeweza kupita bila kujikwaa: huruma ilivuka ratiba, na waliochoka walipakua. Lakini endelea hadi mstari wa 45. Mara tu watu walipokwisha kula, Yesu aliwalazimisha wanafunzi wapande chomboni watangulie, wakati yeye mwenyewe akibaki kuwaaga makutano. Neno ni "aliwalazimisha". Kazi ya kuwaambia watu elfu tano waende nyumbani, kazi ngumu ambayo kila msimamizi wa ibada anaijua, aliifanya mwenye mamlaka, na wadogo walikuwa wamekwisha kuondoka. Baada ya hapo ndipo alipopanda mlimani peke yake kuomba. (Kwamba wanafunzi wale walikutana na upepo wa mbisho wakavuta makasia hadi karibu na alfajiri ni sehemu ya habari hiyohiyo, na ninaitaja ili mtu asidhani kwamba utaratibu mzuri huleta usingizi mzuri kila mara.)

Kuna hoja nyepesi pia, na nyepesi kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba Shetani hapumziki, kwa hiyo watumishi wa Mungu nao wasipumzike. Nimeisikia kwenye mikesha, kwenye makongamano, hata kwenye kikao cha kupanga ratiba ya usafi. Sijui tangu lini tumeanza kuchukua mfano wa maisha kutoka kwa Ibilisi. Zaburi ya 121 inamtaja mmoja tu asiyesinzia wala kulala, naye ni mlinzi wa Israeli; maana yake iliyo wazi ni kwamba sisi tunaweza kulala. Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala kwamba kazi yao ni bure, kwa sababu Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Na katikati ya dhoruba, mawimbi yakiingia chomboni, Marko 4 inatuonyesha Mwana wa Mungu amelala shetrini juu ya mto. Mtu anayeamini kwamba kazi ya Mungu itaharibika akilala kwa muda wa saa saba ana tatizo la mafundisho kuhusu Mungu, wala si la ratiba tu.

Upande wa pili nao una wepesi wake. Mafundisho ya mitandaoni yamezaa kauli kama "linda amani yako" na "achana na watu wanaokumaliza nguvu", ambazo zikitumika bila kipimo zinamfanya kila mhitaji kuwa tishio na kila wajibu kuwa unyanyasaji. Shemeji mwenye mgonjwa ndani anamaliza nguvu, ndiyo. Hiyo ndiyo hali ya kuwa na mgonjwa ndani. Paulo katika Wagalatia 6 anatumia maneno mawili ambayo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliyatofautisha kwa ustadi: "mchukuliane mizigo" katika mstari wa 2, na kila mtu "atalichukua furushi lake mwenyewe" katika mstari wa 5. Mzigo ni ule unaomwelemea mtu peke yake: msiba, ugonjwa, deni lililomzidi. Furushi ni lile ambalo kila msafiri anatembea nalo. Anayekataa kusaidia mzigo wa mwenzake kwa jina la mipaka amekosea kusoma, na anayemrundikia mwenzake furushi lake kwa jina la upendo amekosea vilevile. Ninachoongeza ni kwamba kosa la kwanza linakemewa kila Jumapili, na la pili halikemewi karibu kamwe, kwa sababu warundikaji wa mafurushi huwa ndio waliokaa viti vya mbele.

Hapo ndipo suala la nani anapumzika linapokuwa la haki zaidi kuliko la afya. Mwaka 321 Kaisari Konstantino alipoagiza mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jumapili, aliwaacha wakulima waendelee na kazi mashambani, na tangu wakati huo pumziko la Kikristo limekuwa likigawiwa kwa mizani isiyolingana. Familia yenye gari inaweza kwenda mafungo Lushoto au Bagamoyo ikarudi imeburudika, na dada wa kazi akabaki kufua na kulinda geti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ni sheria ya serikali isiyotaja Mungu, na bado iko karibu zaidi na Kumbukumbu la Torati 5 kuliko nyumba nyingi ambazo ukutani pameandikwa kwamba Kristo ni kichwa cha nyumba hii. Dada anayeamka saa kumi na moja Jumapili ili watoto wavae soksi safi kanisani, akarudi kupika kabla ya wenyeji wake kurudi, hana faida yoyote na mahubiri ya kuweka mipaka. Mahubiri yanayomhusu yahubiriwe kwa mwajiri wake, naye asiyageuze kuwa ushuhuda wa ukarimu, kwa sababu saa 24 zile si zawadi.

Hali ni hiyohiyo kwa mama mchungaji, mtumishi asiye na mkataba, asiye na mshahara, asiye na saa, na ambaye sebule yake ni chumba cha kusubiria cha usharika mzima. Tukimpeleka semina ajifunze kujitunza tumefanya jambo jema na dogo. Yethro alipomwona Musa ameketi kuamua kesi tangu asubuhi hadi jioni alimwambia kwamba jambo hilo si jema, na kwamba atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye. Kisha hakumfundisha Musa namna ya kukataa wateja. Alibadilisha muundo: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Mitume katika Matendo 6 walipozidiwa na huduma ya meza hawakuwalaumu waliolalamika kwa ajili ya wajane, waliagiza wachaguliwe watu saba. Na wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, watu waliojenga hospitali, shule, karakana na mitambo ya uchapaji, walikuja na kitu ambacho makanisa yetu yenye ari hayakukiiga: kengele. Ikilia, fundi seremala anaweka randa chini na abati, mkuu wa watawa, anaweka kalamu, na baada ya sala ya mwisho ya usiku panakuwa kimya. Hakuna anayelazimika kuomba ruhusa ya kunyamaza, wala anayelazimika kueleza kwamba amechoka. Hospitali haifungwi, bila shaka; wauguzi wana zamu, na zamu nayo ni kengele ya namna yake, maana inamwambia mtu lini zamu si yake.

Kwa hiyo kanisa linalotaka kulichukulia suala hili kwa uzito lianze na daftari la zamu kabla ya kualika mnenaji. Liangalie jina lipi limeandikwa mara nne kwa mwezi na lipi halijaandikwa tangu Pasaka. Liamue saa ambayo baada yake hakuna ujumbe unaotumwa kwenye kundi isipokuwa wa msiba au ugonjwa, na uamuzi huo utangazwe na mchungaji mwenyewe, kwa sababu akiutangaza mjumbe wa kawaida utaitwa uvivu. Limpe mchungaji likizo yake yenye tarehe, na tarehe hizo zisomwe kwenye matangazo pamoja na jina la atakayezika watu wakati hayupo. Na hayo yote yana gharama, jambo ambalo mjadala wa mitandaoni huliepuka. Mkono ukipumzishwa, mwingine lazima uingie mahali pake, na kama hakuna anayejitolea lazima mtu alipwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa semina ya wanawake katika kanisa ambalo sitalitaja. Mada ilikuwa pumziko, na andiko lilikuwa Luka 10, habari za Martha na Mariamu. Mnenaji alikuwa hodari. Nyuma ya ukumbi, kwenye jiko la mafiga, akina mama wanne walikuwa wakipika wali wa watu mia mbili, na mmoja wao, kanga imefungwa kiunoni na mwiko mkononi, alikuja mara mbili dirishani kusikiliza. Mara ya pili alifika wakati mnenaji akisoma kwamba Mariamu amelichagua fungu lililo jema, akatabasamu, kisha mwenzake akamwita kwamba wali unaungua, akaenda. Nilipoandaa taarifa ya matumizi jioni ile niliandika fungu la nauli ya mnenaji, fungu la viti na turubai, fungu la mafuta ya jenereta, na mbele ya neno "chakula" nikaandika nilichoelekezwa kuandika, yaani "kujitolea". Mwaka uliofuata nilipendekeza tuweke fungu la kuwalipa wapishi kutoka nje. Hakuna aliyepinga. Kikao kiliahirisha ajenda hiyo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na akina mama walikuwa wakitusubiri mlangoni na chupa za chai.